Plagi za Baiskeli ya Sadique

Palma, 4 Machi 2013

Kaka yangu Abacar,

Assalaam alaykum. Huku tuko wazima, mvua imetosha, muhogo umekubali. Sumaia yuko Pemba shuleni, mwaka huu anamaliza la kumi na mbili, na anaandika barua fupi kama vile karatasi inauzwa kwa herufi. Shemeji yako Sadique hajambo, anakusalimu. Mguu wa wifi umepona?

Palma hii ungepotea. Watu wa gesi wamejaa, nyumba ya jirani yetu Joaquina wamepanga wapima bahari na yeye mwenyewe amehamia jikoni kwake, anasema hajawahi kulala karibu na sufuria zake kiasi hiki. Helikopta ikipita kuku wote wanaingia uvunguni.

Nililokuandikia ni hili. Ile baiskeli uliyotufungia injini inazima njiani. Kila asubuhi inapeleka samaki na pweza kwenye jiko la kambi ya gesi, kilomita kumi na nne za mchanga. Mpishi wao ni Gaspar, Mmakonde wa Mueda, mtu mwema lakini saa yake haina huruma. Samaki wafike kabla ya saa moja. Kasema tukichelewa mara tatu ataagiza samaki wa barafu, gari litoke nao Mocímboa da Praia. Kazi hiyo ndiyo inayomsomesha Sumaia.

Kila ikizima tunafungua vela, ninyi mnaiita plagi, tunaikuta nyeusi na imelowa. Nimeifunga kwenye kitambaa humu uitazame. Sikupigi simu kwa sababu hapa simu inashika ukisimama nyuma ya msikiti tu, na pale wapo wanaosubiri zamu. Wakisikia injini ya Sadique ina shida, wataanza tena. Unajua mpaka leo watoto wanamwita Mkavu, asiyetia oili?

Barua nampa Luís wa vitunguu, anavuka mto kuja huko.

Mdogo wako,
Atija


Mtwara, 19 Machi 2013

Mdogo wangu Atija,

Wa alaykum salaam. Mguu wa wifi yako umepona, sasa unamuuma mdomo, maana hanyamazi. Watoto wazima. Karakana ina kazi nyingi, alhamdulillahi, toka jenereta mpaka mashine za kukoboa.

Umefanya vizuri kuleta plagi yenyewe. Mteja anakuja na maneno mengi, lakini mimi huitazama plagi kwanza, kwa sababu haijui kusema uongo. Ikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, injini ina afya. Ikiwa nyeupe, inaungua. Ikiwa nyeusi na imelowa kama hii yenu, mafuta hayaungui yakaisha.

Kuna plagi ya moto na plagi baridi. Baridi hupoteza joto upesi, na masizi yanaganda juu yake. Ya moto hukaa na joto lake na kuyachoma. Kwa aina hii ninayotumia, namba ikipanda ndiyo baridi zaidi, ikishuka ndiyo ya moto. Yenu ni namba sita. Nakuletea namba tano, shingo fupi kama inavyotakiwa. Mwanya upimeni kwa kadi ya vocha iliyokunjwa mara moja. Ipite kwa kubana kidogo.

Oili ni vizibo sita vya chupa ya soda kwa kila lita ya petroli. Mkumbushe Sadique asisahau, tusije tukarudi kwenye habari ya injini ya kwanza. Nilisema siku ya arobaini ya mama na sirudii.

Kaka yako,
Abacar


Palma, 11 Aprili 2013

Kaka Abacar,

Salamu nyingi. Sumaia amepata kumi na nne kwa ishirini ya hesabu, ametuma ujumbe wa maneno mawili, "Mama, catorze." Sadique hajambo. Joaquina anakusalimu kutoka jikoni.

Namba tano ilikwenda vizuri siku nane. Ya tisa ikazima kwenye mikorosho, tukafika saa moja na nusu. Gaspar aliandika kwenye daftari lake. Hiyo ni mara ya kwanza.

Oili haikosekani, kaka. Sijaisahau siku ile ya arobaini, siku uliposimama uani kwangu mbele ya wazee na wapishi ukasema mwanamume mzima hajui hata kuchanganya oili, na sasa hakuna lita inayoingia kwenye tangi lile bila vizibo sita. Mimi mwenyewe nahesabu. Wakati mwingine naongeza cha saba, nikihofia kimoja hakikujaa.

Kwani wewe huji? Ni siku moja tu, mto na barabara. Tangu arobaini ya mama hujatia mguu Palma, na hiyo ni miaka mitatu. Ungeiona injini kwa macho yako.

Atija


Mtwara, 2 Mei 2013

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mpe Sumaia hongera, mwambie kumi na nne ni nzuri ila kumi na sita zipo.

Siku nane na kuzima maana yake joto bado ni dogo. Nakuletea namba nne, ya moto zaidi, na mbili za akiba. Mwanya ule ule. Mkishafunga, kazeni mpaka washa, kile kipete cha shingoni, ibonyee, si kuigusisha tu.

Kuhusu kuja, kazi imenibana.

Abacar


Palma, 27 Mei 2013

Kaka,

Tumesikia Mtwara kuna vurugu za bomba la gesi. Kama mko salama niletee neno, hata moja.

Namba nne zimekufa mbili, ziko humu ndani pamoja na ile namba tano. Ile ya pili ilizima mbali, baiskeli ikasukumwa kilomita tano na kilo thelathini za samaki juu yake. Mara ya pili kwenye daftari. Gaspar kasema, "Mama Atija, mimi nikiwaonea huruma nitafukuzwa mimi." Na ana haki.

Imebaki mara moja, kaka. Fikiri vizuri.

Atija


Mtwara, 14 Juni 2013

Mdogo wangu Atija,

Tuko salama. Mji ulifungwa siku kadhaa, maduka hayakufunguliwa, tulikula mihogo ya wifi yako na maneno yake. Gesi hiyo hiyo inayowatia kuku uvunguni kwenu, huku imetutia sisi.

Nimezipanga plagi zako zote nne juu ya meza nikazitazama asubuhi nzima. Nina maswali mawili, na nataka unijibu kama unavyomjibu kaka yako, siyo kama unavyomjibu afisa wa wilaya.

La kwanza. Washa za plagi hizi hazikubonyea. Aliyezifunga alikaza kwa mkono usio na nguvu, au mkono ulioogopa. Na masizi yake ni ya mtu anayekwenda polepole, asiyefungua mafuta hata nusu. Mimi Sadique namjua. Akifunga kitu hakifunguki, na akipanda baiskeli ile kuku wa Palma walikuwa wanakimbia kabla ya helikopta. Nani anaendesha?

La pili. Plagi ya namba nne haiwezi kulowa namna hii kwa vizibo sita. Haiwezekani. Petroli mnanunua wapi? Kabla hujatia oili, chovya kijiti ndani ya chupa kama inavyotoka kwa muuzaji, udondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe, uache likauke juani. Petroli safi haiachi kitu. Yenye oili inaacha duara la mafuta. Kisha niletee karatasi hiyo.

Abacar


Palma, 3 Julai 2013

Kaka Abacar,

Mwezi mtukufu unakaribia, Mungu atufikishe. Duara unalotaka liko hapo chini ya ukurasa, upande wa kushoto. Sikuwa na karatasi nyingine nyeupe. Hilo ni tone kutoka kwenye chupa ya muuzaji, sijatia hata kizibo kimoja.

Petroli tunanunua pwani kwa Hamido, anayewauzia wenye boti. Nilimpelekea karatasi nikamwuliza. Alicheka mpaka akakaa chini. "Dada Atija, petroli yangu yote ni ya boti, naichanganya mwenyewe, tena nzito, maana mashine zao kuukuu. Nani hapa pwani asiyejua?" Nikamwambia, mimi. Wanaonunua kwake ni wanaume, na mimi nilianza kununua Januari.

Basi jibu la swali lako la kwanza ndilo hilo. Ninayeendesha ni mimi.

Sadique alipatwa na kiharusi tarehe kumi na moja Januari, alipokuwa akitawadha. Upande wa kulia wote umelala. Maneno yanamtoka moja moja, mengine hayatoki. Sikukuandikia kwa sababu aliponiona nimeshika kalamu alinishika mkono kwa ule wa kushoto, na machozi yakamtoka. Hakutaka wewe ujue. Wengine wote wakijua si kitu, ila wewe tu. Najua wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe hukuyaona macho yake.

Na kuna jambo linalonichoma. Kila asubuhi nikichanganya oili anakaa barazani ananitazama, anatikisa kichwa, anatoa sauti. Nilidhani anachukia kuona mwanamke juu ya baiskeli yake. Nikawa namgeuzia mgongo. Kumbe alikuwa ananiambia oili imo tayari. Miezi sita, kaka, mume wangu ananifundisha na mimi nampa mgongo, kwa sababu masikioni mwangu umo wewe unasema hajui kuchanganya oili.

Tangu juzi sitii hata kizibo. Inakwenda, inalia vizuri.

Atija


Mtwara, 9 Julai 2013

Atija,

Luís anaondoka sasa hivi. Toa namba nne leo hii, usiende nayo kambini hata mara moja. Kwa mafuta yenye oili kiasi, namba nne itakuwa moto kupita kiasi na itatoboa pistoni. Rudisha namba sita, ziko mbili humu ndani, mpya, shingo fupi. Kaza mpaka usikie washa inabonyea, kisha robo ya mzunguko.

Ramadhani njema.

Abacar


Palma, 16 Agosti 2013

Kaka,

Idi imepita salama, tumekula, tumewapa wenzetu. Sumaia alikuja siku nne, akamwogesha baba yake na kumnyoa ndevu, akarudi Pemba.

Namba sita nilifunga siku ile ile. Mpaka leo haijazima. Juzi niliifungua kuitazama, ina rangi ya kahawa yenye maziwa, kama ulivyosema. Gaspar hajaandika mara ya tatu. Ameongeza oda, sasa wanataka na kamba. Kwa hilo nakushukuru, wewe ni fundi, sikatai.

Lakini nilikuandikia kwamba mume wangu hawezi kuinua kijiko, na wewe ukanijibu namba za plagi. Hata pole, kaka? Hata "Mungu amponye", maneno mawili ambayo hata Hamido wa petroli ameyasema? Nimekaa mwezi mzima nikisema labda hukuisoma barua yote. Luís anasema uliisoma mpaka mwisho, alikuona ukiisoma umesimama.

Nimekasirika na nataka ujue.

Atija


Mtwara, 20 Septemba 2013

Mdogo wangu Atija,

Mungu amponye Sadique, na akusamehe wewe, mimi sijui kama atanisamehe.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Wifi yako ameniuliza ni deni gani ninaloandika usiku na mchana. Basi sikia.

Injini ya kwanza haikufa kwa kukosa oili. Niliiua mimi.

Siku naifungia ile baiskeli injini ili Luís aje kuichukua, plagi za shingo fupi zilikuwa zimeniishia. Nilikuwa na moja ya pikipiki, shingo ndefu. Ukiifunga hiyo kwenye injini ndogo kama ile, ncha yake inaingia mpaka inapopita pistoni. Nikaweka washa mbili badala ya moja ili isogee nje. Nikawasha, ikalia vizuri, nikasema itafika, nitawapelekea nyingine baadaye. Sikupeleka. Nilisahau, na huo ndio ukweli, nilisahau. Kwa mchanga wa kwenu na mtikisiko, washa zikabonyea, ncha ikashuka, ikaanza kugonga pistoni mpaka ikaivunja.

Nilipokuja arobaini ya mama, Sadique alinionyesha injini mbele ya watu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Shemeji, hii imekuwaje?" Nikaangalia ndani nikaona alama ya plagi juu ya pistoni. Nilijua palepale. Wazee wako pale, wateja wangu wawili wako pale, na mimi ndiye fundi wa Mtwara. Mdomo ukatangulia. Nikasema hajui kuchanganya oili. Watu wakacheka, na kile kicheko kikanisaidia. Kisha nikatoa injini ya pili bure, na nikasifiwa ukarimu.

Ndiyo maana siji Palma. Siyo kazi.

Nilipoliona duara lile la oili kwenye karatasi yako, nilielewa kwamba neno langu la miaka mitatu limeingia mpaka kwenye tangi la Sadique. Nilishindwa kuandika pole. Ningeiandikaje pole bila kuandika haya?

Msomee barua hii. Msomee yote.

Abacar


Palma, 1 Oktoba 2013

Kaka Abacar,

Assalaam alaykum. Huku wazima. Sadique sasa anasimama akishika ukuta, na juzi alimtukana mbuzi wa Joaquina sentensi nzima, tukafurahi wote isipokuwa mbuzi.

Nilimsomea. Nilifunga mlango, nikakaa naye kitandani, nikasoma polepole, nikilia pale kwenye washa mbili. Yeye hakulia. Nilipomaliza alinyoosha mkono wa kushoto juu ya kabati, kwenye mkebe wa maziwa wenye kutu ambao nimeupangusa vumbi miaka yote nikidhani una misumari. Nikamfungulia.

Ndani mna plagi. Shingo ndefu, ncha yake imepigwa mpaka imelala, na washa mbili zimebonyea zikashikana kama kitu kimoja. Na mna karatasi ya fundi mmoja wa bandarini Mocímboa da Praia, kaandika kwa Kireno kwamba vela hii si ya injini hii na ndiyo iliyovunja pistoni. Tarehe yake ni wiki mbili baada ya arobaini ya mama.

Alijua, kaka. Miaka mitatu watoto wanamwita Mkavu, na yeye ana jibu juu ya kabati.

Nilimwuliza kwa nini hakusema, hata kwangu mimi. Ilimchukua muda mrefu. Alisema, "Kaka yako." Akapumzika. Kisha, "Matanga ya mama yenu."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nililala naye kitanda kimoja na nilidhani amepoa.

Sasa nisikilize. Mimi nimekusamehe, nimechoka kukasirika na wewe ni kaka yangu wa pekee. Lakini barua yako tumeisoma watu wawili, mlango umefungwa. Ulipomvunjia heshima, uani palijaa watu. Wazee wale wengi wapo bado. Wapishi wapo. Idi ya kuchinja ni baada ya wiki mbili, na watu watakuja kula kwangu kama kawaida.

Atija


Mtwara, 7 Oktoba 2013

Mdogo wangu Atija,

Nimeipata jana. Wifi yako na watoto wazima, wanakusalimu, mmoja nakuja naye.

Nitavuka mto siku tatu kabla ya Idi, inshallah. Nakuja na spana zangu, pistoni moja ya akiba, na plagi sita za shingo fupi zote. Nimezipima moja moja.

Mwambie Sadique kwamba nimeomba jambo moja. Mkebe urudisheni juu ya kabati. Watu wakishakula na kunawa, yeye akae kwenye kiti chake pale uani, niletewe mimi niufungue mbele yao wote.

Abacar